Kumpiga mpaka wapi? Barua kutoka Masaka

Masaka, Uganda

Dada yangu mpendwa,

Salaam nyingi kutoka huku. Sisi tu wazima, na mvua imeanza vizuri. Ile hotuba ya Mwalimu Nyerere uliyonitumia nimeisikiliza zaidi ya mara moja, na swali lako halijanitoka: sisi wa upande huu wa mpaka wa Mutukula tunaisikiaje? Unataka kuwafundisha wanafunzi wako wa Bukoba hotuba hiyo kama mfano wa ufasaha. Wafundishe. Ila kuna jambo ningependa walisikie kutoka kwetu pia, na kwa kuwa ni refu naona niliandike.

Tuirudie siku yenyewe. Ni tarehe 2 Novemba 1978. Majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yameshaingia Kagera, na siku moja tu kabla ya hapo ametangaza kwamba ardhi yote mpaka Mto Kagera sasa ni ya Uganda. Nyerere anazungumza na taifa, na ndipo yanatoka maneno ambayo kwenu hata mtoto anayajua kwa ghibu: "Uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo."

Wanaoisifu sentensi hii hutaja mlingano wake, na ni kweli sikio linaupenda. Mimi kinachonishika ni mpangilio. Mtu anayetetea vita kwa kawaida huanza na sababu: tumeonewa, tumeporwa, watu wetu wameuawa. Mwalimu hakuanza hapo. Alijua kwamba msikilizaji wa siku ile sababu anayo tayari. Alichokuwa akijiuliza kimyakimya ni kama tunaweza. Nchi maskini, mpakani hakuna jeshi la kutosha, na jirani ana ndege na vifaru. Basi akalijibu kwanza swali la hofu. Sababu akaipitia katikati, kama jambo lisilobishaniwa. Nia akaiweka mwisho. Ni mtu aliyekwisha kuamua, anawajulisha wenzake uamuzi.

Na tuseme wazi kwamba siku ile uwezo wenyewe ulikuwa bado haujakamilika. Ilibidi mgambo, polisi, askari wa magereza na vijana wa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) waitwe na kupangwa, na malori ya watu binafsi yachukuliwe kusafirisha jeshi. Jibu la Tanzania lilichukua wiki kadhaa. Kwa hiyo "tunao" ilitangulia jeshi, kisha jeshi likaja kuithibitisha. Huo ndio ufundi wa hotuba ya vita ninaouheshimu: kulitamka jambo kwa namna ambayo watu wanaona aibu kuliacha lisitimie. Usisahau kwamba mzungumzaji ni mtu aliyekuwa ameshaitafsiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Juliasi Kaizari, ambamo Bruto na Antonio wanapokezana kuugeuza moyo wa umati. Alijua maneno yanaweza kufanya nini.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niipende hotuba hii mimi Mganda. Kumpiga. Yeye, mtu mmoja. Hakusema kuwapiga. Amin alikuwa ametuingiza sote katika ugomvi wake. Alikuwa akizungumza kana kwamba Uganda na tumbo lake ni kitu kimoja, na aliwahi hata kumtaka Nyerere wapambane ulingoni kwa ndondi. Nyerere angeweza kuchukia nchi nzima, na watu wake wangemfuata. Badala yake alitutoa kwenye shabaha. Kwa watu walioishi tangu 1971 chini ya bunduki ya yule yule anayepigwa, herufi hiyo moja ilikuwa mlango. Kumbuka pia kwamba Kiswahili kwa wengi wetu kilikuwa lugha ya amri za askari, lugha ya kizuizi cha barabarani. Amin mwenyewe ndiye aliyetangaza mwaka 1973 kuwa ni lugha ya taifa, na hilo halikukisaidia kitu. Halafu kwa Kiswahili hicho hicho anasikika mtu anayetutenga na mtesi wetu. Wanafunzi wangu huwa hawaamini ninapowaambia kwamba lugha wanayoiogopa ilitumika hivyo.

Lakini dada, hotuba nzuri huisomi kwa yale iliyoyasema tu. Hii ina mapengo mawili.

La kwanza ni dogo. "Sababu" imetajwa kana kwamba ilizaliwa wiki ile. Ugomvi ulikuwa na miaka saba. Nyerere hakuyakubali kamwe mapinduzi ya Januari 1971 yaliyomwingiza Amin madarakani, Obote aliyepinduliwa alikuwa mgeni wake Dar es Salaam, na mwaka 1972 wakimbizi wa Uganda wenye silaha walivuka kutoka kwenu wakielekea huku kwetu Masaka, wakashindwa. Hilo halimpi Amin haki ya hata shubiri moja ya Kagera. Ila mwanafunzi anastahili kujua kwamba mzungumzaji huchagua saa ya kuanzisha hadithi.

La pili ndilo linaloniuma. Uwezo, sababu, nia, kikomo hakimo. Kumpiga mpaka wapi? Mpaka avuke mto arudi? Mpaka mpakani? Mpaka Kampala? Sentensi imefungwa vizuri kiasi kwamba hakuna anayeuliza, na nadhani ndiyo sababu ilidumu. Katikati ya Novemba Amin alitangaza kwamba anaondoa majeshi yake. Vita haikuisha. Januari 1979 Mutukula ilichukuliwa na kubomolewa. Februari ikawa zamu ya Masaka na Mbarara. Mji huu ninaokuandikia ulipigwa mizinga, kisha majengo yakalipuliwa kwa baruti kulipiza yale yaliyofanywa Kagera. Duka la mtu wa Masaka halikuwa Amin. Ile "m" iliyotutoa kwenye shabaha redioni haikufika salama kwa kila askari aliyekuwa ameona maiti za ndugu zake huko Kyaka, Kagera, na sina moyo wa kumlaumu askari huyo peke yake. Inasemekana Nyerere mwenyewe alisikitishwa na uharibifu ule, na akataka raia walindwe huko mbele.

Baadaye alieleza kwamba zilikuwa vita mbili: ya Watanzania kulinda nchi yao, na ya Waganda kumwondoa mtawala wao. Maelezo hayo nayaheshimu, na tarehe 11 Aprili Kampala ilipoanguka watu walicheza barabarani kwa furaha ya kweli. Katika mkutano wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) Monrovia mwaka huo, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania, na rais wetu wa wakati huo, Binaisa, akaitetea. Hata mimi ningeitetea. Lakini maelezo ya vita mbili yalikuja baada ya wanajeshi kusonga, na hotuba ya Novemba haikuwa imeyatamka.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Ukimaliza kuwaonyesha uzuri wa sehemu zile tatu za sentensi, waambie waandike ya nne, inayotaja kikomo, kwa mizani ile ile na bila kuzidhoofisha tatu za kwanza. Ni kazi ngumu. Nimeijaribisha darasani kwangu na walio wengi wanaishia kuandika hotuba ambayo hakuna askari angeifuata. Nitumie watakachoandika wako. Na ukiweza, mwulize mzee mmoja wa huko aliyeisikia siku ile alidhani vita itaishia wapi. Mimi nitawauliza wa kwetu swali hilo hilo.

Nisalimie mama na wote nyumbani.

Mwalimu mwenzio wa Masaka