Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: unga tumepokea, Jumamosi ijayo je?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu,
Jogoo House, Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, na kila Jumamosi ndiye hushika funguo za kituo kimoja cha jamii huku Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi. Chumba chetu ni kidogo: meza sita, kabati la vitabu lililobaki na mlango mmoja, na mabati ambayo mvua ikianza hamsikilizani. Watoto huja kufanya kazi za shule kwa kuwa nyumbani hakuna pa kulaza daftari, au stima imekatwa, au kuna kichanga analia. Nakuandikia kuhusu shule zinazokuja kutusaidia.

Mwaka jana shule moja ya sekondari ilitupigia simu kusema imetuchagua tuwe washirika wake. Sitaitaja, maana watu wake hawakuwa na nia mbaya. Siku ikafika, basi la njano likaegeshwa mbele ya kinyozi, wakateremka wanafunzi arobaini na wawili na blezi zao, walimu watatu na mpiga picha. Walileta unga, mafuta ya kupikia, miche ya sabuni, sodo na maboksi matatu ya vitabu. Unga uliliwa na tukashukuru. Mwenye njaa hachagui kiatu cha aliyemletea chakula. Vitabu tulivifungua jioni. Vingi vilikuwa vya hesabu, majibu yamekwisha kujazwa kwa kalamu.

Mpiga picha aliwaketisha watoto wetu sakafuni, wageni wakasimama nyuma yao. Viti vilikuwepo, Mheshimiwa. Tulikuwa tumevipanga tangu asubuhi. Kisha msichana mmoja wa miaka kumi na mmoja akaitwa mbele kupokea pakiti ya sodo kwa niaba ya wenzake, wavulana wote wakitazama. Alipigwa picha mara tatu kwa sababu katika ile ya kwanza alikuwa ameangalia chini. Ya pili pia. Baada ya saa moja na dakika arobaini basi likaondoka.

Wiki hiyo hiyo picha ikatokea mtandaoni, na maneno yaliyosema shule imewatembelea mayatima. Mama wa yule msichana anauza sukuma wiki pale stejini. Alionyeshwa picha na mteja wake. Alikuja kwangu, hakupiga kelele, aliniuliza tu, "Mwalimu, mimi nimekufa lini?"

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inasema data ya mtoto isishughulikiwe bila idhini ya mzazi au mlezi wake. Hakuna aliyeiomba siku ile, nami pia nina lawama yangu: nilikuwepo na nikanyamaza. Ukipokea unga wa mtu, mdomo huwa mzito.

Lakini si hilo lililonifanya nichukue kalamu. Kati ya wale arobaini na wawili kulikuwa na msichana mmoja aliyerudi. Jumamosi iliyofuata nilimwona mlangoni peke yake, bila blezi, ameshuka matatu. Akauliza kama anaweza kukaa na mtoto yeyote anayesumbuliwa na hesabu. Nikampa kijana wetu wa gredi ya sita ambaye sehemu, zile za moja juu ya nne, zilikuwa zimemshinda hadi akaacha kuzijaribu.

Walikaa pale kimya kidogo. Kisha akamuuliza kijana mama yake anafanya kazi gani. Ana kibanda, anauza mafuta ya kupima. "Nani hupima?" "Mimi, nikitoka shule." Basi akamwambia: chupa ya lita moja imejaa, mteja wa kwanza anataka robo, wa pili nusu, umebaki na nini? Kijana alijibu kabla swali halijaisha, tena akaongeza kwamba robo iliyobaki mama yake huwa haiuzi, ni ya kupikia chakula cha jioni. Msichana akaandika kwenye daftari yale yale aliyotamka mwenzake, kwa tarakimu. Kijana akaitazama karatasi muda mrefu. "Ni hii tu?" akasema.

Yule msichana alikuja Jumamosi sita. Ya saba hakuja. Baadaye nikapata habari kwamba shule ilimwambia ziara za hisani zina siku yake maalumu katika kalenda, mara moja kwa mwaka, na mwanafunzi asiende kivyake. Naelewa. Mtoto wa watu akipatwa na jambo njiani, anayeulizwa ni mwalimu mkuu. Ila nilipokwenda mwenyewe kuomba utaratibu wa kudumu, wanafunzi wachache na mwalimu mmoja kila wiki, na pia watoto wetu waruhusiwe kuingia maktaba ya shule alasiri moja, nilipokelewa vizuri na naibu wa mwalimu mkuu, nikapewa chai, nikaelezwa kuhusu bima, usalama na nidhamu. Kisha akaniuliza mwakani tungependa waongeze unga au mafuta.

Mheshimiwa, kutoka kituoni hadi lango la shule hiyo ni steji moja ya matatu. Watoto wetu hulipita kila siku. Wanajua rangi ya lango, wanajua jina la mbwa wa askari. Ndani hawajawahi kuingia.

Sasa nifike kwenye afisi yako. Katika mtaala huu mpya wa umilisi, CBC, somo la kutumikia jamii ni la lazima katika sekondari ya juu, gredi ya kumi hadi ya kumi na mbili, sambamba na Kiingereza, Kiswahili na hesabu. Nililifurahia kuliko jambo lolote lingine katika CBC, na mimi ni mmoja wa wazazi waliolia na karatasi za manila na gundi usiku wa manane, tukitengeneza kazi za shule za watoto. Kinachoniogopesha ni kwamba shule zote za jiji hili zitatafuta jamii ya kuitumikia, na jamii iliyo karibu na basi ni sisi. Ushahidi wa kazi ukiwa picha na ripoti iliyoandikwa na mwenye kutoa peke yake, tutapokea mabasi mengi. Watoto wetu watakuwa maabara ya huruma ya watoto wa wengine.

Ninachoomba ni kwamba saa za mwanafunzi zisainiwe na kituo alikokwenda. Sio picha, sio risiti ya unga. Kituo kiandike alikuja lini, alikaa na nani, walifanya nini, na kiwe na haki ya kusema huyu hakuja. Wanafunzi wale wale warudi muhula mzima, hata wakiwa watano tu. Watano wanaojulikana kwa majina wananifaa kuliko arobaini wa asubuhi moja. Na shule inayotaka kuhesabiwa kuwa mshirika ifungue kitu chake pia: maktaba, maabara, uwanja, chochote ambacho mtoto wa kituo anaweza kukiingia kwa miguu yake na kutoka bila kusema asante mbele ya kamera. Suala la bima na mwalimu wa kusindikiza ni la kweli, na ndiyo maana naliandika kwako: mwalimu mkuu mmoja hawezi kulibeba bila waraka kutoka juu.

Haya si mageni nchini. Starehe, shule ya wavulana hapa Nairobi, ilianza mwaka 1959 kwa vibanda viwili vya mabati, Geoffrey Griffin akiwa na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, kwa ajili ya wavulana waliokuwa wakilala katika barabara za jiji hili hili. Kituo kikawa shule, na vijana wake wakazoeshwa kutoa likizo zao kufanya kazi za kujitolea. Wale hawakuwa watoto wa matajiri walioletwa kuona umaskini. Waliokuwa wakihudumiwa jana ndio waliohudumu kesho.

Na kumbi zetu za huku, tafadhali, zisichukuliwe kuwa mahali pa kupokelea misaada tu. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alisimama mbele ya mkutano akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki, na tarehe 15 Mei mwaka huo huo akakamatwa. Huwa nawasimulia watoto. Yule kijana wa mafuta aliniuliza kama siku ile watu walikaa sakafuni.

Nimeambatisha kurasa mbili za daftari letu, zile za Jumamosi sita nilizotaja, ili uone jinsi saa zinavyoweza kuandikwa na watu wasio na kompyuta. Majina ya watoto nimeyafunika kwa karatasi kabla ya kutoa kopi. Ukurasa wa pili, chini, kuna mstari ambao nilikuwa nimeuandaa kwa Jumamosi ya saba: tarehe ipo, saa ya kufika haipo.

Wako mwaminifu,

Mshika funguo, kituo cha jamii, Eastlands