Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Afya: kifungu cha leseni kimeandikwa na nani?

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Mimi ni mfamasia. Nimekaa kwenye dirisha la dawa miaka ya kutosha kujua kuwa mgonjwa anayetapika usiku kucha kwa sababu ya dawa za saratani hana muda wa siasa. Basi tuelewane mapema: siandiki kuipinga bangi ya tiba, ambayo muswada ulio mbele ya kamati yako unataka kuitolea leseni. Epidiolex, dawa inayotokana na mmea huo, iliidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa aina mbili za kifafa kikali cha utotoni. Mwaka 2020 Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya iliuondoa mmea wenyewe kwenye orodha yenye masharti makali kuliko zote, kwa kura 27 dhidi ya 25. Hoja ya kitabibu ipo. Ninachouliza ni nani ameshika kalamu.

Siku ya kusikiliza maoni ya wadau nilikaa safu ya mwisho. Vijana wawili wenye suti walipita wakigawa makabrasha ya kampuni fulani ya ushauri, karatasi nzito zinazong'aa. Nami nikapata langu. Ukurasa wa nne walipendekeza leseni ya "kulima, kuchavusha na kusafirisha" bangi. Bila shaka walitaka kusema kuchakata. Kuchavusha ni kazi ya nyuki. Nilicheka, nikalipigia neno hilo mstari kwa kalamu nyekundu. Wiki sita baadaye muswada ukatoka. Kifungu cha leseni kinasema: kulima, kuchavusha na kusafirisha.

Kosa lile halikuja peke yake. Limekuja na majirani zake wa ukurasa uleule: ada ya maombi isiyorudishwa, ghala lenye walinzi saa 24, na sharti kwamba mwombaji awe amezalisha bangi kihalali kwa miaka isiyopungua mitano. Hebu lisome tena hilo la mwisho. Mahali ambapo bangi ni marufuku hadi leo, nani ana miaka hiyo mitano kama si kampuni ya nje na mbia wake wa ndani? Na huyo mbia ni nani? Hapo ndipo usingizi unaponiruka.

Kushawishi si kosa. Vyama vya wagonjwa vinashawishi, sisi wafamasia tunashawishi, na barua hii nayo ni ushawishi. Tatizo huanza pale anayepiga kura, au mwenzi wake, anapokuwa na hisa kwenye kile anachokipigia kura, na sisi tulio nje hatujui.

Yaliyotokea Michigan, Marekani, unaweza kuyasoma kwenye kumbukumbu za mahakama. Jimbo hilo lilitunga sheria ya leseni za bangi ya tiba mwaka 2016, likaunda na bodi ya kuzitoa. Uenyekiti akapewa Rick Johnson, Spika wa zamani wa Baraza la Wawakilishi la jimbo hilohilo. Mwaka 2023 alikiri kupokea rushwa ya zaidi ya dola 110,000 alipokuwa kwenye kiti hicho, akahukumiwa kifungo cha miezi 55. Miongoni mwa waliokiri makosa katika kesi hiyo walikuwamo washawishi wawili wa kulipwa. Leseni, Mheshimiwa, ni karatasi moja tu, lakini anayeitia saini hugeuka mtu wa kutafutwa sana.

Mara nyingi hata bahasha haihitajiki. John Boehner, Spika wa zamani wa Baraza la Wawakilishi la Marekani, aliwahi kusema msimamo wake wa kupinga kuhalalisha bangi hautabadilika. Mwaka 2018 alijiunga na bodi ya washauri ya kampuni ya bangi. Hakuvunja sheria yoyote, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi. Wala usidhani fedha husukuma upande mmoja tu. Mwaka 2016 kampuni ya Insys, iliyokuwa ikiuza fentanili, dawa kali ya maumivu, ya kupulizia mdomoni na kutengeneza kemikali ya bangi ya maabara, ilichangia dola 500,000 kwenye kampeni ya kupinga kuhalalishwa kwa bangi katika jimbo la Arizona, Marekani. Wakati mwingine mtetezi wa maadili analinda soko lake.

Uingereza, Victoria Atkins, waziri aliyeshughulikia dawa za kulevya, alijiweka kando katika masuala ya bangi kwa sababu mumewe alikuwa mkurugenzi wa kampuni iliyoilima kwa ajili ya dawa kwa leseni ya serikali. Alisemwa sana. Lakini angalau watu walijua wanamsema kwa lipi.

Kwa hiyo, kabla muswada haujarudi mezani, naomba kila mjumbe wa kamati yako atangaze hadharani hisa, mashamba na mikataba yake, ya mwenzi wake na ya watoto wake, na mwenye maslahi atoke chumbani kifungu cha leseni kinapojadiliwa. Tunaomba pia tarehe za vikao vyote kati ya wajumbe na kampuni zinazotaka leseni, hata vile vilivyoitwa semina.

Kabrasha langu bado ninalo, pamoja na ule mstari mwekundu. Nitalileta siku utakayoniita. Na neno kuchavusha msilifute kimyakimya; kwanza tuambiwe liliingiaje.

Wako,
Mfamasia wa dirisha la dawa