Wito wa Harambee: Vijana Wetu Wanane Wapate Wakili

Ndugu wazazi, majirani, na nyinyi wana-Mtwapa mlioko Nairobi na Ghuba,

Habari mmezisikia, na huenda zimewafikia zikiwa zimetiwa chumvi. Vijana wanane wa mtaa wetu walikamatwa usiku wa Jumamosi katika msako wa mabaa na mangwe, yaani vilabu vya mnazi, wakashtakiwa kwa kulewa na kuleta fujo. Hatuji kwenu kusema hawakunywa. Wapo waliokunywa, na nyumbani wamekemewa vya kutosha. Tunachoomba ni wakili.

Pale nje ya mahakama, mzazi aliyechoka husikia ushauri mmoja kutoka kwa kila mpita njia: mwambie akubali, alipe faini, yaishe. Wawili nusura wakubali. Lakini hayaishi. Watatu kati ya vijana hao wameshatimiza miaka 18, na wakipatikana na hatia, hati yao ya tabia njema itachafuka. Hoteli, kampuni za ulinzi na mawakala wa Ghuba huiulizia hati hiyo kabla hata ya kuuliza umesoma mpaka wapi.

Watano waliobaki ni watoto. Kifungu cha 53 cha Katiba kinataka mtoto azuiliwe tu pale pasipokuwa na njia nyingine, tena mbali na watu wazima. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo inaruhusu kesi ya mtoto iondolewe mahakamani, naye akubali kosa lake, apewe ushauri nasaha na kusimamiwa, bila kuhukumiwa. Nafasi hiyo haiji yenyewe. Lazima pawe na mtu anayejua kuiomba. Mmoja wa hawa watano ana miaka 16 lakini faili la polisi linasema 18, kwa kuwa cheti chake cha kuzaliwa hakijapatikana. Huyo anahitaji kupimwa umri hospitalini, na haraka.

Na muuzaji je? Sheria ya vileo ya 2010, ile tuliyoizoea kwa jina la Mututho, inamkataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Kizimbani hatukumwona. Tumeliuliza hilo barazani mpaka tumechoka. Sasa tunataka liulizwe mbele ya hakimu.

Wakili amekubali shilingi 15,000 kwa kila kijana, yaani 120,000. Kupima umri, nakala za mahakama na nauli za wazazi ni 18,000. Jumla 138,000. Mpaka jana jioni tulikuwa na 41,500, kwa hiyo zimebaki 96,500. Risiti zote zitasomwa hadharani, na kikibaki chochote kitakwenda kwenye karo ya hao hao.

Mzee mmoja ametuambia kwamba kumchangia mlevi ni kumpalilia. Hatukubaliani naye, ila tunamheshimu. Aliye na moyo kama wake na achangie kipimo cha umri peke yake, au aje mahakamani asimame kama mdhamini. Tumepungukiwa na wadhamini wawili.

Harambee ni Jumapili saa nane mchana, uwanja wa shule ya msingi. Kanisa na msikiti wote wamelitangaza. Mlio mbali, tumeni kupitia mweka hazina wa kamati ya wazazi, mkiandika jina lenu na neno “wakili” ili fedha zisichanganyike na za maji. Kesi inatajwa Alhamisi, na wakili anataka nusu ya malipo yake Jumatano kabla ya jioni.