Barua kwa Safi, kabla hajanunua kiwanja

Fort Portal, Jumapili jioni

Safi mwenzangu,

Salamu kwako, kwa mama na kwa watoto. Barua yako nimeipata Ijumaa kwa mkono wa dereva wa basi, nikaisoma papo hapo barabarani. Unasema umechoka kulala Kisoro ukitazama anga jekundu upande wa Kongo, na kwamba ukipata kiwanja utahamia huku, "kwa kuwa kwenu hakuna volkano." Kusikia unakuja kumenifurahisha mno. Lakini sitaki uje kwa sababu isiyo ya kweli.

Kwanza huo wekundu. Volkano ya Nyiragongo iko zaidi ya kilomita 50 kutoka ulipo, na lava yake huteremkia mji wa Goma huko Kongo, kama ilivyofanya mwaka 1977, 2002 na usiku ule wa tarehe 22 Mei 2021. Kati yako nayo imesimama milima mingine ya Virunga. Upepo ukigeuka unaweza kuwaletea majivu, basi funikeni mapipa ya maji ya mvua. Lava haitafika.

Najua maneno haya hayamtulizi mtu aliyekimbia Goma na mtoto mgongoni. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba mlima ule una walinzi, kituo cha Goma kinaupima tangu 1986, na bado ulipasuka mji haujaonywa. Mitambo husikiliza mitetemo na kupima gesi ya salfa, setilaiti huangalia kama ardhi imevimba. Volkano nyingi hutoa dalili siku au wiki kabla. Hii ilikuwa na ziwa la lava tayari kule juu kwenye kasoko, yaani shimo la kileleni, ilihitaji ufa tu. Baada ya kumwagika ndipo ardhi ikatikisika mara mamia, magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ikipenya chini ya mji, na tarehe 27 watu laki kadhaa wakaambiwa waondoke. Nakumbuka ulikuwa ukiandika kila tetemeko kwenye daftari la shule la mwanao, saa na muda. Bado unalo?

Sasa huku kwetu. Rwenzori yenyewe si volkano. Ni pande la mwamba ambalo Bonde la Ufa limelisukuma juu mpaka mita 5,109, na kazi hiyo haijaisha. Wataalamu walipotega mitambo kuuzunguka mlima mwaka 2006 na 2007, walinasa matetemeko kama 800 kwa mwezi. Mengi hakuna anayeyasikia. Lakini tarehe 20 Machi 1966 nyumba zilianguka Bwamba na Toro, wakafa watu zaidi ya 100. Tarehe 5 Februari 1994 likaja lingine la ukubwa wa 6.2, karibu kabisa na mji huu. Abwooli, bibi jirani yangu, alikuwa msichana mwaka ule wa 1966. Husimulia walivyolala migombani, mama yake akikataa kuingia ndani hata kuchukua sufuria. Hadi leo Abwooli hafungi komeo usiku.

Na yale maziwa mazuri ya duara uliyoyapiga picha ulipokuja kunitembelea ni makasoko ya volkano za zamani. Kwa hiyo hata hilo la "hakuna volkano" si kweli kabisa.

Tetemeko halina dalili ya kutegemea, Safi. Hakuna mtambo duniani utakaokuambia litakuja kesho saa nne. Mtambo ulioko Mbarara na mingineyo hutueleza limetokea wapi, kwa kina gani na kwa nguvu gani, na hivyo tunajua mipasuko ya ardhi imepita wapi. Baada ya hapo ni kazi ya fundi. Wengi waliokufa 1966 waliangukiwa na kuta.

Kile kiwanja cha mteremkoni ulichoonyeshwa kiache, hata kama bei ni nzuri. Tetemeko likija wakati wa mvua udongo hushuka. Kuna kingine tambarare karibu na kwangu. Nyumba iwe ya chini, nguzo za nondo kila kona, linta ya zege izunguke kuta zote bila kukatika, juu bati, si vigae. Fundi akikuambia linta ya juu ya madirisha pekee inatosha, tafuta mwingine. Nitasimama naye mwenyewe siku ya kufunga nondo.

Ukija kukiona kiwanja, lete lile daftari. Nimeanza langu tangu Januari, nataka tuyaweke pamoja.

Wako,
Rehema