Si jeneriki iliyokuletea arosto

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wenu aliyeandika kwamba buprenofini (dawa ya kutibu uraibu wa heroini na dawa za jamii yake) ya jeneriki, yaani nakala inayotengenezwa na kampuni nyingine, "haishiki" kama Suboxone, dawa ya awali yenye jina la kampuni, na kwamba vidonge si salama. Mimi ni mfamasia na malalamiko hayo nayasikia dirishani kila mara. Siyapuuzi. Aliyewahi kupigwa na arosto, yale mateso ya mwili unapokosa dawa uliyoizoea, ana haki ya kuogopa kidonge chenye rangi asiyoijua.

Ila alibadilishiwa nini hasa? Mara nyingi alizoea Suboxone ya ukanda mwembamba, ule unaowekwa chini ya ulimi, kisha akapewa kidonge cha jeneriki. Hapo vimebadilika viwili kwa mpigo, mtengenezaji na umbo. Kidonge kinaweza kuchelewa kuyeyuka, ni kichungu, na mwenye haraka hukimeza. Kikimezwa, sehemu kubwa ya dawa huvunjwavunjwa na utumbo na ini kabla haijaenea mwilini. Jioni arosto inabisha hodi, na lawama yote anabebeshwa jeneriki.

Jeneriki haipitishwi kwa kubahatisha. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, hutaka ipimwe ndani ya damu ikilinganishwa na dawa ya awali, na makadirio yote ya kiwango chake yaangukie kati ya asilimia 80 na 125 ya kile cha dawa ya awali. Wapo wanaodhani hiyo ni ruhusa ya kupunguza dawa kwa asilimia 20. Sivyo kabisa! Ili makadirio yote yakae humo, wastani wenyewe lazima uwe karibu sana na 100. Kinachoweza kutofautiana ni rangi, ladha na viungo vya kukishikanisha kidonge, na nakiri wapo wanaosumbuliwa navyo.

Tena hata dawa zenye majina makubwa hazilingani miligramu kwa miligramu. Zubsolv, nayo ni buprenofini, ya miligramu 5.7 hufanya kazi ya kidonge cha Suboxone cha miligramu 8. Anayesoma namba tu ataapa amepunjwa.

Kuhusu hoja yake kwamba vidonge si salama: mwaka 2012 wenye Suboxone walitangaza kuviondoa vyao sokoni kwa sababu ya usalama wa watoto, huku wakiiomba FDA isiidhinishe jeneriki zisizotimiza masharti waliyoyapendekeza. Februari 2013 FDA ilikataa ombi hilo, ikaidhinisha vidonge vya jeneriki. Niruhusiwe kushangaa kwamba huruma hiyo kwa watoto ilikuja wakati washindani wako mlangoni.

Wafamasia wenzangu, mgonjwa aambiwe kabla hajakabidhiwa pakiti mpya: lowesha mdomo kwa maji, weka kidonge chini ya ulimi, usile, usinywe, usiongee mpaka kiishe. Kikishayeyuka sukutua kwa maji, na subiri saa moja ndipo upige mswaki, maana dawa hii, ya jina lolote, inaweza kuharibu meno. Akifanya hivyo na arosto bado inamsumbua, arudi kwa daktari wake aangaliwe dozi, asijiongezee mwenyewe.

Mfamasia, msomaji wenu