Tusisahau wanga tunapofufua viwanda vya nguo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu mazungumzo ya kufufua viwanda vya nguo Kanda ya Ziwa, ambayo husifu pamba yetu na mitambo ya kufumia lakini hayagusi idara ya kupaka nyuzi wanga, nilikofanya kazi kwa miaka mingi.

Nyuzi za mtande, yaani zile za urefu wa kitambaa, hupakwa uji wa wanga kabla ya kufumwa ili zistahimili msuguano. Kwa njia tuliyoizoea, huzamishwa katika uji wa moto, hukamuliwa kwa rola, kisha hukaushwa kwenye mapipa ya chuma yanayopashwa moto kwa mvuke. Hapo ndipo kuni na mafuta ya boila yanapoteketea. Tuseme kilo 100 za nyuzi zinahitaji kilo 10 za wanga mkavu: uji wenye wanga asilimia 10 utaingiza kilo 90 za maji, na karibu yote lazima yafukuzwe kwa moto. Uji wa asilimia 25 ungeingiza kilo 30 tu, ila ni mzito na hauenei sawasawa, kama ajuavyo kila aliyewahi kukoroga uji wa muhogo.

Njia ya povu, iliyofanyiwa utafiti Marekani baada ya bei ya mafuta kupanda miaka ya 1970, huutumia uji huo mzito. Hutiwa kemikali ya kutoa povu na kupulizwa hewa hadi uumuke, kisha povu hupelekwa kwenye rola, ambako hupasuka kwa kubanwa na kuacha wanga juu ya uzi. Kazi ya kueneza, iliyokuwa ya maji, hufanywa na hewa.

Sisemi ni kazi rahisi. Povu likifa mapema, wanga hukaa kwa mabaka na nyuzi hukatika ovyo mtamboni. Wala asidanganywe mtu kwamba povu peke yake litaliokoa Ziwa Victoria: wanga uleule utaoshwa kitambaani baadaye, na ukifika ziwani bila maji taka kusafishwa, bakteria wanaouozesha hutumia oksijeni ambayo samaki wanaihitaji.

Ninachoomba ni kwamba wawekezaji, kabla ya kuagiza boila kubwa zaidi, wafanye kwanza jaribio la povu kwa wanga wa muhogo wetu.

Fundi mstaafu,
Nyakato, Mwanza