Swaleh, moduli iingie mwisho

Shela, Malindi (Shela yetu, si Shela yenu ya mchanga)

Sahibu yangu Swaleh,

Assalaam aleikum. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, ila masika yametushika na njia ya kwenda kazini imekuwa tope tupu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mbili za kwanza nilikuwa karibu na pampu, nikadhani sikusikia sawasawa. Ya tatu nilikuwa nyumbani, kimya, na maneno yakawa yaleyale: mwenye kiwanda cha barafu anataka uchomoe moduli mbovu (kipande cha kuchomeka) ya PLC, ile kompyuta ndogo inayoongoza mashine, na kutia mpya bila kuzima umeme, kwa kuwa madau yanarudi alfajiri na wavuvi wanasubiri barafu. Nawe ukaongeza, "Si ni volti 24 tu?"

Nimeona niandike, ili uwe na karatasi ya kumwonyesha. Sauti yangu hataisikiliza.

Zipo PLC kubwa, za viwanda visivyolala, ambazo moduli zake hutolewa umeme ukiwa ndani, na kitabu chake kinasema hivyo waziwazi. Hiyo yako ndogo ya kubana kwenye reli ya chuma ndani ya sanduku la umeme si ya namna hiyo. Ukiichomoa ikiwa hai unaweza kuiunguza CPU, yaani ubongo wake, au programu ikayumba na kontakta (swichi kubwa ya sumaku) ya kompresa ikajivuta ghafla huku kijana wako ameshika mkanda.

Na hizo volti 24 zimeshanidanganya mimi. Sikukusimulia ulipokuja harusini kwa sababu niliona haya. Ilikuwa huku kaskazini, kwenye mashamba ya chumvi, pampu ya kuvuta maji ya bahari haiwaki. Nikazima swichi kuu ya sanduku, nikapima ile pawa saplai, kifaa kinacholisha PLC volti 24, sifuri. Nikajiona fundi. Nikaingiza vidole kufungua tamino, zile skrubu za kufungia waya, za moduli ya rilei, na kilichonikuta sikijui vizuri mpaka leo, ila mgongo uligonga ukuta na mkono ukafa ganzi hadi jioni. Kazungu, mwenzangu wa kazi, alidhani nafanya mzaha, akacheka kwanza.

Baadaye tulifuata waya hatua kwa hatua. Rilei ndani ya moduli ni swichi tu, haijali umeme unaopita ndani yake umetoka wapi. Tamino ile ilikuwa inapitisha 240 kutoka sanduku la jirani, lenye breka yake mwenyewe. Mimi nilizima nyumba yangu, umeme ukaja kwa dirisha la jirani. Kuna kanuni ya kimataifa ya umeme wa mashine inayopendekeza waya wa namna hiyo, unaobaki hai hata swichi kuu ikizimwa, uwe wa rangi ya chungwa. Ule wetu ulikuwa mweusi kama wenzake wote. Kwa hiyo ukiona chungwa ndani ya sanduku, ogopa. Na usipouona, usifurahi.

Mwambie huyo bwana akupe muda wa saa mbili wakati wa adhuhuri, barafu ikiwa imeshajaa ghalani. Zima, tia kufuli kwenye swichi, ning'iniza lebo yenye jina lako. Kaa na mchoro utafute kila waya unaoingia kutoka nje, nao uzime huko unakotoka. Kisha testa: ijaribu kwanza kwenye soketi unayojua ina umeme, ndipo upime kila tamino, fazi kwa fazi, fazi kwa nyutro, fazi kwa ethi, halafu uirudishe kwenye soketi ileile uone bado inawaka. Testa iliyokufa katikati ya kazi husema "hakuna umeme" kwa sauti ileile ya testa nzima. Na kama kompresa inaendeshwa na inveta, kile kifaa cha kubadili kasi ya mota, ukishazima ngoja. Kapasita zake hubaki zimeshiba umeme. Dakika za kungoja zimeandikwa ubavuni, nyingi ni kati ya 5 na 15.

Mwisho wa ujumbe ukasema, kwa haraka kama jambo dogo, kwamba sanduku lenyewe limeoza na jipya limeshanunuliwa, kwa hiyo utahamisha kila kitu. Swaleh, hiyo ndiyo kazi! Moduli kuibana kwenye reli ni sekunde chache, hata mtoto ataweza. Sanduku ndilo litakaloamua kama moduli itafika mwakani.

Huko kwenu Amu (Lamu) kila kitu kinapumua bahari. Natumaini walichonunua ni stenlesi, na kama ni stenlesi uliza namba: 316 huvumilia chumvi kuliko 304. Mlangoni kama pameandikwa IP65, maana yake vumbi haliingii na maji ya kurushwa kwa mpira hayaingii. Namba hiyo hufa siku utakapotoboa tundu na kupitisha kebo bila glandi ya kuibana sawasawa. Toboa chini, usitoboe juu. Na kebo ipinde kwanza chini ya usawa wa glandi ndipo ipande kuingia, ili maji ya mvua yadondokee hapo kwenye kona, yasiteleze nayo hadi ndani. Tundu usilolitumia lizibe kwa kizibo chake, si kwa nailoni. Mimi nimewahi kumkuta mjusi amekauka kati ya fazi mbili, na kiwanda kizima kilisimama kwa ajili yake.

Usilifunge sanduku kwenye ukuta wa chumba cha baridi. Najua pale pana nafasi na kebo zitakuwa fupi. Lakini ukuta baridi na hewa ya kwetu yenye unyevu vikikutana, sanduku litatoka jasho ndani, na jasho hilo litadondokea tamino. Litie upande mwingine, kivulini, na ndani uweke hita ndogo yenye thamostati. Feni ya kuvuta hewa ya nje mimi siipendi kwa huko kwenu, itakuingizia chumvi mchana na usiku. Afadhali sanduku kubwa lililofungwa vizuri, lipoe kwa ukubwa wake. Angalia kitabu: PLC nyingi mwisho wake ni nyuzi 55 au 60, na hiyo ni hewa ya ndani ya sanduku, si ya barazani unapokunywa kahawa. Pawa saplai na inveta hutoa joto, na joto hupanda, basi PLC usiiweke juu yake. Acha nafasi juu na chini ya moduli. Vitabu vingi vinataka milimita 25 hadi 50. Usiibane kama abiria wa boti ya Mokowe.

Sasa hili ndilo nililotaka ulishike kuliko yote. Moduli ibaki katoni mpaka mwisho. Tundu zote, misumari yote ya reli, keekee yote imalizike, sanduku lifagiliwe na kufutwa, ndipo ifunguliwe. Unga wa chuma ukiingia kwenye matundu yake ya hewa hautatoka, utakaa ukingoja siku ya kupiga shoti. Ukiitoa, gusa kwanza chuma chenye ethi uteremshe umeme wa mwilini, na uishike kwa ganda, usiguse pini. Juu yake utakuta utepe mwembamba unaofunika matundu. Uache humo wakati unafunga waya, vipande vya shaba visidondoke ndani. Ukimaliza, ubandue! Kazungu aliusahau, na wiki iliyofuata moduli ilikuwa moto kama chapati juani, inajizima kila saa nane mchana. Tulihangaika na programu siku mbili.

Ethi nayo usiifanyie mchezo. Kwangua rangi pale boliti inapokaa, chuma kikutane na chuma, kisha paka grisi kuzuia kutu. Mlango uwe na waya wake wa kusuka hadi kwenye mwili wa sanduku. Bawaba si ethi.

Nyaya za kompresa na za vipima joto usizipitishe kaka na dada. Mfereji mmoja upande huu, mwingine upande ule, sentimita 20 baina yake kama nafasi ipo, na zikilazimika kukutana zikatane kama njia panda. La sivyo kila kompresa inapowaka utaona joto la barafu linaruka kwenye skrini na utalaumu kipima joto bure. Kile chandarua cha chuma kinachozunguka waya wa kipima joto kitie ethi upande mmoja tu, huku sandukuni. Na koili za kontakta huirudishia rilei mshindo wa umeme kila zinapoachia: za umeme wa DC zitie dayodi, za 240 za AC zitie varista au kile kijisaketi cha kapasita na rezista. Ni vitu vya bei ndogo na rilei zitakushukuru.

Ncha za waya zivishe vikofia vyake na uzibane kwa koleo lake, si kwa meno ya plaizi. Kaza kwa bisibisi ya kipimo. Tamino ndogo nyingi zinataka kama Nm 0.5, kitabu kitakwambia. Kisha vuta kila waya. Utakaotoka bora utoke mkononi mwako.

Kabla ya kubana moduli, washa pawa saplai peke yake upime 24 na uhakikishe chanya na hasi havikubadilishana. Zima tena. Bana moduli, washa, ujaribu njia za kutolea amri (output) moja moja mota zikiwa zimekatwa. Na kile kitufe chekundu cha dharura kikate kontakta chenyewe kwa waya. Usikubali kipitie kwenye programu pekee, hata kijana wa kompyuta akikuambia ni rahisi zaidi. Mkabidhi mwenyewe mchoro mpya, na hati atie sahihi fundi mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya nishati ya Kenya. Kama yako haijahuishwa, sema mapema nimwombe mwenzetu mmoja avuke.

Nimemkabidhi kondakta wa basi la kesho asubuhi mfuko wa rangi ya samawati, uutafute Mokowe. Ndani mna vikofia vya waya boksi mbili, dayodi kumi, bisibisi ya kipimo, na kufuli. Bisibisi ni ya kukopesha, sikupi. Kufuli lina ufunguo mmoja tu, nao uwe mfukoni mwako, si mezani kwa meneja. Kabla hujafunga mlango wa sanduku nipigie picha, chini kwenye glandi kwanza.

Shikamoo yangu mfikishie mama, na mwambie halua aliyonipa ilikwisha kabla ya Garsen.

Wasalaam,
Mwenzako wa Malindi